Shamba Tulilopalilia kwa Makosa Kasoli

Neno kujitolea nililichukia tangu utoto. Enzi zile kujitolea maana yake mgambo anapuliza filimbi alfajiri, unatoka na jembe kwenda shamba la kijiji, na usipotoka mbuzi wako anachukuliwa mchana kweupe. Baba yangu alijitolea hivyo mpaka mgongo ukapinda. Basi ruksa ya biashara ilipoingia, maduka yakajaa sabuni, mitumba ikatufikia hadi Bariadi na kila mtu akashika lake, mimi nilimshukuru Mungu. Nilikuwa na cherehani yangu kwenye baraza ya duka pale sokoni, napunguza suruali za Wazungu wanene ziwaenee vijana wa Ngulyati, na nilishaapa kwamba hakuna mtu atakayenitoa tena nyumbani asubuhi kwenda kulima shamba lisilo langu.

Kwa hiyo yule mama mwenye mgahawa wa stendi aliponijia na habari za klabu, nilimcheka usoni. Alikuwa mwanamke mpana, mpole wa sauti, ambaye sijawahi kumwona anakimbia hata mvua inaponyesha. Alileta kitambaa cha bluu, akataka nimkatie skafu za shingoni, za wanawake na wanaume.

"Za kwaya?" nikamuuliza.

"Za klabu. Tunajitolea."

Nikaweka mkasi chini. "Na filimbi anapuliza nani, mayu?" Ndivyo tunavyomwita mama kwetu.

"Hakuna filimbi. Usipokuja hakuna atakayekuuliza."

Hilo ndilo lililonimaliza. Katika maisha yangu sikuwahi kusikia kazi ya umma ambayo usipokwenda hakuna wa kukuuliza. Jumamosi iliyofuata nikaenda, kwa udadisi tu, niwaone hao wendawazimu. Nikawakuta nyuma ya ghala la zamani la pamba. Kulikuwa na mwalimu wa shule ya msingi ambaye ndiye katibu, muuguzi wa hospitali, fundi baiskeli, karani aliyepunguzwa kazi, Wakatoliki na Waprotestanti waliochanganyika bila kuulizana, na mzee mmoja wa Ngulyati asiye wa kanisa lolote, ambaye kabla ya kula alimwaga tone la uji chini kwa ajili ya babu zake. Huyo ndiye aliyekuwa mpiga ngoma. Mwenyekiti ni yule mama wa mgahawa. Nilifagia wodi ya hospitali siku ile huku nanuna, nikachota maji huku nanuna, na jioni tulipokaa kula karanga za kuchemsha na kutaniana nikajikuta nacheka mpaka machozi yananitoka. Sikukosa tena Jumamosi, labda niumwe.

Sasa lazima nieleze desturi moja ya klabu yetu, maana balaa lote lilitokea hapo. Kwetu Usukumani mgeni hashiki kazi kabla hajala. Ukienda kumwezekea nyumba bibi kizee asiye na mbele wala nyuma, atakuchinjia kuku wake wa pekee, na ukikataa umemtukana. Mwenyekiti aliliona hilo, akaweka utaratibu wake: tunafika kabla mwenye mji hajaamka. Tunaingia kimya, tunaanza kazi, na yeye akifungua mlango anakuta nusu imekwisha na uji tumekuja nao wenyewe kwenye ndoo. Kuku wengi wa maskini wa wilaya ile walipona kwa sababu ya mwanamke yule. Ni utaratibu mzuri, mpaka leo nausifu. Ubaya wake ni mmoja tu, kwamba hakuna wa kumuuliza kitu.

Mjane mmoja wa Kasoli tulimpata wodini. Alijikata mguu na jembe, kidonda kikaoza, akapasuliwa. Jumamosi moja tulikuwa tunadeki, muuguzi wetu akamkuta karibu na geti, bandeji inaburuta chini, anajikokota kuelekea barabarani.

Mwenyekiti akamfuata, akamshika mkono. "Mwangaluka, mdogo wangu."

"Mwangaluka, mayu." Akataka kupiga magoti, mguu ukamkatalia.

"Mhola?"

"Mhola duhu," akajibu. Kwetu hata ukiwa unakufa unajibu kwamba ni heri tupu. Halafu akaangua kilio. "Pamba yangu inaliwa na majani."

Tulimrudisha kitandani, akatueleza yote. Mume wake alikuwa amefariki. Alikuwa na binti mmoja, yuko darasa la saba, na kaka wa marehemu alikuwa amepata watu wa Mwamapalala, wenye ng'ombe, wanaomtaka yule mtoto. Mama alikuwa amekataa mbele ya ukoo. Ukoo ukaamua hivi: kama ataweza kusimama mwenyewe kwa pamba ya mwaka huu, binti atabaki shule. Pamba ikimshinda, shemeji atapokea ng'ombe. Mama akakubali, akalima, akapanda, pamba ikaota vizuri, na ndipo jembe likamla mguu wakati wa palizi ya kwanza. Sasa mvua inanyesha kila siku, majani yanapanda, na yeye amelala kitandani anahesabu vigae vya dari.

"Shemeji yako hana ng'ombe wa kulimia?" nikamuuliza. Mdomo wangu haujui kungoja.

"Anao. Amewakodisha kwa watu. Hata shamba lake mwenyewe limevamiwa na majani."

Damu ilinichemka. Nilimjua mtu wa namna hiyo. Wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia na malori yao, kila kijiji kilipata wakala wake, na shemeji huyu alikuwa mmojawapo: kofia ya pama, redio begani, na maneno kwamba siku hizi kila mtu na lake. Alikuwa amejitoa hata katika nzengo, ule umoja wa majirani wa kulimiana na kuzikana, eti anapotezewa muda. Nikasema pale pale wodini kwamba mtu kama yule anastahili kupigwa na mvua ya mawe peke yake. Mwenyekiti akaniambia nikamwage maji machafu.

Mama aliporuhusiwa kurudi nyumbani, bado anachechemea, sisi tulikuwa tumeshapanga. Katibu alitangulia siku moja kwa baiskeli kwenda kuliona shamba. Alirudi na ripoti ndefu, maana mwalimu yule alipenda kikao kuliko chakula: kuna mashamba mawili yaliyokuwa moja, baba yao aliwagawia wana wake, katikati kuna ua wa minyaa, na la mjane ni lile la kulia. Akatuonyesha kwa mkono wake wa kulia ili pasiwe na shaka. Kisha tukapata lifti ya lori lililokuwa linapita kuelekea huko, tukaondoka alfajiri, skafu shingoni, ndoo ya uji katikati yetu, majembe yamefungwa pamoja yasigongane yakaamsha watu.

Katibu alikuwa amekuja kwa njia ya dukani. Lori lilitushusha upande wa pili. Hapo msomaji umeshaelewa kila kitu, lakini sisi hatukuelewa. Tuliona minyaa, tukaona upande wa kulia shamba la pamba limezama kwenye majani mpaka unalionea huruma, tukajipanga mstari. Mzee wa Ngulyati alisubiri mpaka kila mtu awe na tuta lake, kisha akaipiga ngoma.

Mtu asiyelima kwa ngoma hawezi kujua. Ngoma ikishaanza, jembe haliko tena mikononi mwako. Mnashuka pamoja, mnainuka pamoja, mwenzako akikupita unaona aibu mpaka kisogoni, na katikati ya tuta mtu anarusha jembe juu, anageuka, analidaka, anaendelea. Mwenyekiti, na upana wake wote, alikuwa mbele yetu. Sikuwahi kuona mtu anayepalilia kwa utulivu namna ile, kila mche umeachwa umesimama, kila jani limelazwa mizizi juu. Nilikuwa namfuata nyuma huku nikimwaza yule shemeji, na kila gugu nililoling'oa nilimng'oa yeye.

Kulipopambazuka vizuri mlango wa nyumba ya karibu ukafunguka. Akatoka mwanamume mrefu, shuka begani, kofia ya pama kichwani. Akasimama. Akatutazama kwa muda mrefu sana.

Jembe langu lilikaa hewani. Upande wa pili wa minyaa, kwenye kijumba kidogo, alikuwa ametoka yule mjane na fimbo yake, na binti pembeni yake. Naye alikuwa anatutazama. Nilimwona anaangalia skafu zetu za bluu, anaangalia shamba la shemeji yake linavyong'aa, kisha anaangalia la kwake. Alikaa chini palepale kwenye kizingiti, akashika tama. Nilijua anachofikiri. Alifikiri tumenunuliwa.

Mstari mzima ukavurugika. Katibu alikuwa amegeuka rangi, anaonyesha kulia, anaonyesha kushoto, anajaribu kukumbuka baiskeli yake ilikuwa inaelekea wapi. Fundi baiskeli akasema tuhame mara moja. Mimi nikasema zaidi ya hivyo. Nikasema tuyarudishe majani yake kwenye matuta, tuyapande upya, moja moja.

Mwenyekiti alinyoosha mgongo, akafuta jasho kwa skafu. "Tumebakiza kiasi gani?"

"Kama nusu hivi," nikamjibu, "lakini mama, hili ni shamba la yule mtu."

"Nimeona. Mtu akilimiwa kwa ngoma haachwi katikati. Malizeni." Akamgeukia mzee. "Piga, baba."

Nilimchukia kwa muda wa tuta moja, nasema ukweli. Nilimaliza tuta lile kwa hasira, na nikitazama upande wa minyaa namwona yule mama bado ameshika tama, roho inaniuma. Lakini hakuna aliyeondoka. Karani alikuwa na malengelenge, muuguzi alikuwa ametoka zamu usiku huohuo, na wote wakamaliza. Hakuna filimbi, hakuna mgambo, na adui mwenyewe amesimama anatutazama. Mpaka leo nikifikiria watu bora niliowahi kukaa nao, nawaona wale katika tuta la mwisho.

Tulipomaliza jua lilikuwa limeshapanda juu. Desturi inasema aliyelimiwa lazima alishe, na yule bwana, pamoja na ukisasa wake wote, alikuwa ameshamkamata mbuzi. Wake zake walipika ugali wa nguvu, maziwa ya mgando yakaja. Hatukuwa na namna ya kukataa. Tuliketi, yeye akaketi nasi, na nikaona kitu ambacho sikukitarajia. Alitumiminia maji ya kunawa yeye mwenyewe, mmoja mmoja, hakuwaachia wake zake.

"Sijalimiwa tangu niachane na nzengo," akasema. "Nilifikiri hata nikifa watakuja wachache. Ninyi ni watu wa wapi? Nani aliwaita?"

Katibu akameza mate. Mimi nikainama kwenye maziwa yangu. Mwenyekiti angeweza kudanganya, na mbuzi angekuwa mtamu zaidi. Alinawa mkono, akamwangalia usoni.

"Baba, hatukuja kwako. Tulikuja kwa shemeji yako, yule mgonjwa. Tumekosea upande wa minyaa."

Hakuna aliyetafuna. Yule bwana alivua kofia, akaiweka chini, akabaki anaitazama. Sikuweza kujua kama atatufukuza au atalia.

"Lakini mlipojua mliendelea," akasema mwishowe.

"Ulikuwa umeshalimiwa nusu," mwenyekiti akajibu, kama mtu anayeeleza jambo la kawaida kabisa. Akasimama, akashukuru kwa chakula, wabeja, wabeja sana, akachukua jembe lake. Akazunguka minyaa polepole, akamsalimu yule mjane aliyekaa kizingitini, akaingia shambani kwake, akaanza tuta la kwanza peke yake.

Mimi mgongo ulikuwa umekufa ganzi. Nilikuwa nimeshiba mbuzi na ninachotaka ni kivuli. Nikainuka nikimtukana moyoni, nikamfuata. Wakafuata wote, katibu akiwa mbele kuliko jembe lake. Yule binti akaleta jembe, akaingia kwenye tuta la pembeni yangu. Hata mzee wa Ngulyati alichukua ngoma, ingawa mikono yake ilikuwa imechoka na mdundo ulikuwa wa kusuasua. Nilipotazama ukubwa wa shamba nikajua haliishi leo, na lori letu la kurudi linapita jioni, na wiki nyingine moja ya mvua ingeimaliza ile pamba.

Ndipo nikasikia mlio wa nira. Yule bwana alikuwa ametuma vijana wawafuate ng'ombe wake kule alikokuwa amewakodisha, na sasa alikuwa anawaleta mwenyewe, plau nyuma, bila kofia. Watu wakashusha pumzi. Kwa ng'ombe wale, kupita kati ya mistari, na sisi tukimalizia kwa mkono, shamba lingeisha kabla ya lori. Fundi baiskeli alipiga mluzi. Hata mimi, haki ya Mungu, nilikaribia kumsamehe.

Mjane akainuka kizingitini. Alikuja na fimbo yake, anachechemea, mpaka kwenye pengo la minyaa ambapo ng'ombe wangepita. Hapo akaiweka fimbo chini, akapiga magoti. Alipiga magoti vizuri kabisa, na mguu ule mbovu, kama mwanamke wa kwetu anavyomsalimu shemeji yake mkubwa. Ila alipiga magoti katikati ya njia, na ng'ombe walisimama wakimpumulia usoni.

"Mwadila, shemeji."

"Mwadila. Ondoka, ng'ombe watakukanyaga."

"Kwanza toa neno." Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi ngoma inyamaze ndipo tumsikie. "Sisi watu wa jembe tunajua. Kinachosemwa mbele ya watu waliolima kwa ngoma hakirudi nyuma. Hawa hapa wote. Nakuomba useme mbele yao. Nikilimiwa leo, mtoto wangu anabaki?"

Nilitamani nimzibe mdomo. Niliona ng'ombe wakigeuzwa, niliona pamba ikifa, niliona yule bwana akikumbuka kwamba yeye ni mwanaume na ameaibishwa mbele ya wageni. Muuguzi wetu alinishika mkono. Pembeni yangu binti alikuwa ameinama kwenye tuta, hapalilii, ameshika mpini tu, macho chini. Nilimtazama mwenyekiti nikingoja aseme kitu. Alisimama na jembe lake begani akimtazama yule mama kwa heshima ambayo hakuwahi kunipa mimi, na sikumwonea wivu.

Yule bwana alitazama shamba lake upande ule, safi, miche imesimama. Akatutazama sisi na vumbi letu. Akachezea kamba ya nira.

"Mtoto habebwi," akasema. Hakumwangalia mtu. "Nimesema. Wale wa Mwamapalala nitawaambia mimi mwenyewe wabaki na ng'ombe wao. Pamba ipone, isipone. Mmesikia wote."

"Tumesikia," tukajibu.

Alimshika shemeji yake mkono, akamwinua, akamsogeza pembeni taratibu, akaingiza ng'ombe. Binti akaanza kupalilia kwa kasi ambayo nilishindwa kuifuata, anaangusha majani kulia na kushoto, na sikuthubutu kumtazama usoni. Mzee akaipiga ngoma, na safari hii alikuwa amepata nguvu sijui wapi, udongo wenyewe ulikuwa unatetemeka.

Tulipogeuza tuta nilimtafuta mama yake kwa macho. Alikuwa ameketi chini, ameegemea shina la mnyaa, mguu ameunyoosha mbele, mdomo wazi kidogo. Nikaacha jembe, nikakimbia, nikidhani amezimia. Mwenyekiti alikuwa amefika kabla yangu, yeye ambaye sijawahi kumwona akikimbia. Akainama, akasikiliza pumzi zake, akanionyesha kidole mdomoni. Alikuwa amelala. Katika kelele zile zote, ngoma, ng'ombe, mluzi wa fundi baiskeli, alikuwa amelala usingizi mzito wa mtu ambaye hajalala tangu mazishi.

Nilimwashiria mzee anyamaze. Mwenyekiti akanikamata mkono.

"Mwache apige," akaninong'oneza. "Kikiingia kimya, ataamka akidhani tumeondoka."

Tukarudi kwenye matuta yetu, na ngoma haikunyamaza mpaka jani la mwisho.